Mgonjwa aliyekwambia ukweli usimpeleke mwisho wa foleni

Haya wanangu wa tiba ya meno, karibuni mliotoka Masasi na Newala, na wenzetu wa Lindi poleni na barabara. VVU inaambukizwaje siirudii, hiyo mmeifanyia mtihani. Mimi nina la foleni tu, namna tunavyomsukuma mwisho mgonjwa wa meno akishasema ana VVU, na wanaonijua wanajua nimelisema kila nilipopewa nafasi na nitaendelea kulisema.

Kuna mama mmoja wa Tandahimba, gego limeoza, shavu limevimba mpaka jicho linafumba. Alipoenda sipataji. Kafika asubuhi kaandikishwa, kaulizwa unatumia dawa gani, akasema kwa moyo mweupe natumia dawa za kufubaza virusi, kliniki yangu CTC fulani, yaani kliniki ya wenye VVU. Basi sura zikabadilika. Mara ganzi imeisha. Subiri kwanza mama. Na wakati huo waliokuja nyuma yake wanaingia wanatoka wameng'ata pamba, sasa hao wamechomwa ganzi ipi? Saa nane akaambiwa mtaalamu ameondoka, njoo Ijumaa ila utakuwa wa mwisho, ili tukimaliza kukuhudumia tutakase vifaa vizuri.

Hapo ndo huwa napandwa na hasira. Kama vifaa vinatakaswa vizuri baada yake yeye tu, je vya wale waliomtangulia vinafanywaje?? Kwenye foleni ile kuna ambao hawajawahi kupima, kuna waliopima wakanyamaza, na wote unawang'oa meno huna wasiwasi. Anayekwambia anameza dawa kila siku na virusi vimeshafubaa, huyo ndo unamkimbia! Kanuni tuliyofundishwa ni moja, damu ya kila mgonjwa ichukulie ina maambukizi, glavu, barakoa, miwani, vifaa kwenye otokleivu, ile mashine ya kutakasa kwa mvuke, nyuzi 121 muda wake utimie, awe sheikh awe padri awe nani.

Yule mama alienda kwingine, akaulizwa akasema hana ugonjwa wowote, akang'olewa siku hiyohiyo. Nani kamfundisha kuficha? Sisi. Na aliyemng'oa hakujua kwamba inabidi aangalie na utando mweupe ulimini, fizi zinazooza, madoa ya zambarau kwenye kaakaa, dalili za kinga kushuka ambazo sisi wa meno tunaweza kuziona kabla ya mtu yeyote na kumrudisha CTC mapema.

Najua mnachosema moyoni, dokta we ongea tu, nikijichoma je? Sawa, tuongee. Sindano yenye damu ya mwenye VVU ikikuchoma, hatari ni kama watu 3 katika 1,000, na kwa ambaye dawa zimefubaza virusi inashuka zaidi. Homa ya ini B kwa ambaye hajachanjwa inaweza kufika 30 katika 100. Mia, sio elfu! Mbona huyo wa homa ya ini hamumwambii aje Ijumaa? Nyoosheni mikono waliomaliza chanjo zote tatu za homa ya ini... mnaona wenyewe. Mnaogopa mgonjwa alafu chanjo hamjachoma.

Ukijichoma osha kwa maji na sabuni, usikamue, toa taarifa, anza PEP, dawa za kuzuia VVU visishike, haraka iwezekanavyo isizidi saa 72, unameza siku 28 basi.

Na msidhani ni sisi tu wa kusini. Marekani, mwaka 1994, mama mmoja mwenye VVU, Sidney Abbott, alienda kuzibwa jino kule Bangor, Maine, daktari akamwambia nitakuziba ila hospitali, na gharama za kutumia hospitali ulipe mwenyewe. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya nchi yao, mwaka 1998 wakasema sheria ya kulinda wenye ulemavu inamhusu hata kama hana dalili yoyote. Huku kwetu kuna sheria ya UKIMWI ya 2008, inakataza ubaguzi, isomeni, sina muda wa vifungu.

Nilitaka niongelee na kadi za wenye VVU kuandikwa kwa wino mwekundu ila naoneshwa saa. Maswali waanze wa zahanati za vijijini, maana umeme ukikatika na otokleivu imesimama nyie ndo mnabaki na wagonjwa mlangoni, nataka nisikie mnafanyaje.