Kuipa Prius plagi: haibridi ya kuchomeka iliyozaliwa gereji ya nyumbani

HAMISA: Karibuni tena wasikilizaji wetu. Leo kaka Deo anajibu swali ambalo wengi mmelileta: mtu ana Toyota Prius ya kizazi cha pili, ile haibridi yenye injini ya petroli na mota ya umeme iliyoingia sokoni miaka ya 2003 na 2004, anataka usiku aichomeke ukutani na asubuhi atembelee umeme wa Luku badala ya petroli. Kaka Deo, inawezekana?

DEO: Asante dada Hamisa. Inawezekana, na ilishafanyika zamani tu. Mwaka 2004, Corte Madera, mji mdogo wa California, mhandisi Ron Gremban aliigeuza Prius gerejini kwake nyumbani. Alikuwa pamoja na kikundi cha CalCars, kilichoanzishwa na Felix Kramer. Betri walizoanza nazo zilikuwa za risasi na asidi, za baiskeli za umeme. Hakukuwa na chochote pale ambacho fundi mzuri wa mtaa wa Gerezani, Dar, angekishangaa.

HAMISA: Na Toyota wenyewe wakati huo walikuwa na msimamo gani?

DEO: Waliinadi Prius kwa kusema haihitaji kuchomekwa popote. Ilikuwa sifa. Wateja wengi walikuwa wakisikia neno umeme wanawazia waya mrefu na kukwama njiani, kwa hiyo kampuni ikajitenga kabisa na habari za plagi. Kina Gremban wakasema hapana, hiyo plagi ndiyo tunayoitaka.

HAMISA: Sasa tuingie kwenye gari lenyewe. Maana mtu anadhani unaongeza betri, unafunga chaja, kazi imeisha.

DEO: Hapo ndipo wengi wanakwama. Nyuma ya kiti cha nyuma cha ile Prius kuna betri ya nikeli yenye moduli 28, kila moja volti 7.2, zimeungwa mfululizo mpaka kufika volti 201.6. Uwezo wake wote ni uniti 1.3. Nasema uniti hizi hizi za Luku. Na gari halikubali itumike yote. Kompyuta inaichezesha kati ya asilimia 40 na 80 ili idumu, kwa hiyo umeme unaotumika kweli ni kama nusu uniti. Ukitembea kwa umeme mtupu, kilomita mbili tatu, injini inawaka.

HAMISA: Yaani hata nikiichaji hiyo ya asili ikajaa, nimetoka Magomeni nimefika Kariakoo.

DEO: Basi. Kwa hiyo betri kubwa lazima iongezwe. Lakini ukiiongeza, gari halina habari. Kuna kompyuta ya betri, inahesabu umeme unaoingia na unaotoka, kisha inaiambia kompyuta ya haibridi, "tupo asilimia 60". Na hii ya haibridi imefundishwa kubaki hapohapo kwenye 60. Hata ukijaza betri buti zima, injini itaendelea kuwaka kuilinda ile 60. Kazi kubwa ya wale watu ilikuwa kuingilia mazungumzo ya kompyuta hizi mbili. Unaweka kifaa katikati kinachosema betri imejaa. Gari likiamini imejaa, linatafuta namna ya kuutumia umeme, na injini inapata kupumzika.

HAMISA: Wanaidanganya.

DEO: Wanaidanganya, na ndiyo maana betri mpya lazima iwe na mlinzi wake mwenyewe, ile BMS, anayesoma kila seli peke yake na kukata umeme seli moja ikishuka mno, ikizidi au ikipata joto. Kompyuta ya Toyota umeshaiziba macho. Ukifunga betri ya lithiamu bila BMS, hakuna anayeangalia.

HAMISA: Na kile kitufe cha EV, cha kutembea kwa umeme mtupu? Mbona magari mengi hapa mjini yanacho?

DEO: Yaliyotengenezwa kwa soko la Japani na Ulaya yalikuja nacho. Ya Marekani hayakuwa nacho, ingawa kompyuta ilikuwa inaielewa ile amri, kwa hiyo watu walivuta waya mmoja wakafunga swichi yao. Yetu mengi yametoka Japani, tunacho tayari. Ila kina mpaka. Ukipita kama kilomita 55 kwa saa kinajitoa. Na ukipita 67 hivi, injini lazima izunguke, hata kama una umeme wa kukufikisha Chalinze.

HAMISA: Hiyo nayo si unaidanganya tu kompyuta?

DEO: Hapana, na hapa ndipo ninapoipenda hii gari. Ndani ya giaboksi kuna gia za sayari. Ya katikati ina meno 30, imeshikana na jenereta. Ya nje ina meno 78, imeshikana na mota kubwa na magurudumu. Injini imeshika kibebeo kilicho baina yao. Sasa injini ikiwa imesimama, kila mzunguko mmoja wa gia ya nje unailazimisha jenereta izunguke kinyumenyume mara 2.6, yaani 78 gawa kwa 30. Gari likizidi kukimbia, jenereta inafika kasi ya kuiua. Namna ya kuipunguzia ni injini nayo izunguke. Hiyo ni chuma, dada. Programu haiwezi kuibembeleza.

HAMISA: Kwa hiyo faida yake ipo kwenye foleni.

DEO: Foleni na barabara za mitaani. Tegeta mpaka Posta asubuhi, ni mara ngapi unaona 55 kwenye dashibodi? Ukienda Morogoro utapata nafuu kidogo, kwa sababu umeme unaisaidia injini, lakini injini ipo kazini muda wote.

HAMISA: Haya, pesa. Hapa naomba usitufiche.

DEO: Kampuni ya betri ya A123 Systems, ya Massachusetts, Marekani, waliinunua kampuni ya Hymotion ya Kanada, na mwaka 2008 wakaanza kuuza betri ya lithiamu ya uniti 5 kwa ajili ya Prius. Inakaa pale pa tairi la akiba, ya asili haiguswi. Bei yake ilikuwa karibu dola 10,000. Sasa piga hesabu nami. Prius kwa umeme mtupu inakwenda kama kilomita 6 kwa uniti moja. Uniti 5, kilomita 30. Kilomita 30 hizo kwa petroli ingekula lita moja na nusu. Ukichaji kila siku bila kukosa, mwaka mzima umeokoa lita 550 hivi. Hata lita ikiwa dola moja, unahitaji zaidi ya miaka 18 kurudisha hela, na Luku hujanunua.

HAMISA: Gari lenyewe halifiki huko.

DEO: Halifiki. Wale wa CalCars walikuwa wanataka watengenezaji waone kwa macho kwamba kitu kinafanya kazi. Na hawakungoja sana: kampuni ya BYD walileta haibridi ya kuchomeka, F3DM, China mwishoni mwa 2008, Chevrolet Volt ikaja Desemba 2010, na 2012 Toyota haohao wakaanza kuuza Prius yenye plagi, betri ya uniti 4.4. Mimi nawaheshimu sana watu wale.

HAMISA: Na kijana mwenye spana zake Mbagala anayetaka kujaribu?

DEO: Kwanza asikie hili. Mwaka 2008, Prius moja iliyogeuzwa iliwaka moto barabarani South Carolina. Waliochunguza walikuta chanzo ni viungo vya boliti vya betri vilivyofungwa vibaya. Kiungo kikilegea kinazuia umeme, kinachemka, kinayeyusha plastiki ya jirani. Betri ya kuongeza hapa itakuwa na seli 70 hivi za lithiamu-fosfeti, kila moja ina nati mbili. Kila nati ikazwe kwa spana ya kupimia nguvu, siyo kwa kukisia mkono.

HAMISA: Na umeme wenyewe?

DEO: Volti 200 za DC zinaua. Kebo zote za rangi ya chungwa usiziguse mpaka umezima gari, ufunguo uko mbali, umekata betri ndogo ya volti 12, umevaa glavu za mpira zilizopimwa kwa volti 1,000, kisha umechomoa ile plagi ya usalama yenye mshikio wa chungwa ndani ya buti. Plagi iweke mfukoni mwako, mwenzako asije akairudisha. Subiri dakika kumi, kapasita, yaani vihifadhi umeme, za inveta zitoe umeme, halafu pima kwa mita. Na hata hapo, ndani ya betri yenyewe umeme bado upo.

HAMISA: Wewe ungemshauri aanze na nini?

DEO: Aanze na betri aliyonayo. Pembeni ya kiti cha nyuma kuna tundu la hewa linaloipoza betri. Abiria wanaliziba kwa mabegi, vumbi letu linaganda kwenye feni, betri inapikika kwa joto la Dar. Safisha feni, pima moduli moja moja, badilisha zilizokufa. Hiyo kazi inalipa leo hii, na inamfundisha mkono kabla hajagusa lithiamu.

HAMISA: Na mwenye gari lenye plagi ya kiwandani tayari? Yameanza kuonekana.

DEO: Kwake ni nyumba tu. Chaja ikivuta ampea 8, ni karibu kilowati 1.8, uniti 5 zinaingia kwa saa tatu hivi. Soketi isiwe ya ekstensheni ya dukani, itayeyuka. Aite fundi apime ethi, ule waya wa ardhini. Nyumba nyingi zina soketi ya matundu matatu ila la ethi halijaungwa popote, na chaja nyingi zikigundua hivyo zinakataa kuchaji.

HAMISA: Mwenye picha ya soketi yake atutumie, kaka Deo ataiangalia. Tukutane kipindi kijacho.