Laxton: mashamba yasiyo na ua

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kunikaribisha. Leo nawapeleka Laxton, kijiji cha Nottinghamshire nchini Uingereza, mashariki mwa msitu wa Sherwood.

Ukipita mashambani kwingi Uingereza utaona ua wa miti kila upande. Katika karne ya 18 na 19 Bunge lilipitisha sheria kwa maelfu za kugawa makonde ya pamoja na kuyazungushia ua, na maskini wengi wakapoteza malisho. Laxton ilisalimika. Nyumba za wakulima zimepangana kijijini, kandokando ya barabara. Nje yake yapo makonde matatu makubwa: West Field, South Field na Mill Field. Kila mkulima ana vipande vyake humo, vimechanganyika na vya jirani, na hakuna ua kati yao. Konde moja hupandwa ngano, la pili mazao ya majira ya kuchipua, la tatu hupumzishwa. Mwaka unaofuata zamu inasogea.

Sasa, nani anazuia mtu kumega shamba la mwenzake? Hapa ndipo ninapopapenda mno. Kijiji kina baraza lake la kimila, aina ya mahakama ndogo inayosimamia makonde. Mwishoni mwa Novemba wazee wa baraza hilo, wakulima wenyewe, hulizunguka konde la ngano kwa miguu. Wanatazama mifereji, wanapima mipaka, wanapigilia vigingi vipya panapohitajika. Aliyelima hadi kuingia njiani au kwenye ukanda wa majani hutozwa faini, hata akiwa rafiki. Wiki inayofuata baraza hukaa katika baa ya kijiji, Dovecote Inn. Msidhani ni maigizo ya watalii: Bunge lilipoyanyang'anya mabaraza ya aina hii mamlaka mwaka 1977, la Laxton liliachiwa yake.

Kaskazini mwa kijiji kuna kilima cha ngome ya Wanormani, watawala wa kale waliotoka Ufaransa; panafaa kukwea juu yake. Ila ningekuwa na siku moja tu, ningeitumia makondeni. Ramani ya mpima ardhi Mark Pierce ya 1635, iliyohifadhiwa Oxford, inaonyesha vipande hivyo pamoja na vijitu vidogo vikilima.

Wizara ya Kilimo ilikinunua kijiji mwaka 1952, kikawa chini ya mali za Taji, yaani za ufalme, mwaka 1981, na mwaka 2020 kikarudi kwa milki ya Thoresby, wamiliki wa zamani. Wasiwasi wangu si hati, ni watu. Vipande vikiishia mikononi mwa mkulima mmoja au wawili, hatabaki jirani wa kupimiana naye mpaka, na baraza litakosa la kuamua.