Jinsi ya kuisoma picha ya zamani ya mtoto akiwa kazini

Karibuni watazamaji. Shika kalamu na karatasi, maana leo tunaisoma picha moja taratibu. Ilipigwa Januari 1909 katika kiwanda cha nyuzi mjini Macon, jimbo la Georgia, Marekani. Mpigaji ni Lewis Hine, mwalimu wa New York ambaye mwaka 1908 aliajiriwa na Kamati ya Taifa ya Ajira ya Watoto ili akusanye ushahidi viwandani na migodini.

Hatua ya kwanza: andika unachokiona, maana yake iache kwanza. Wavulana wadogo wamepanda juu ya mashine ya kusokota. Wako peku. Bobini, yaani vijiti vya kuzungushia uzi, zimejipanga safu kwa safu. Usiandike "huzuni" wala "mateso". Andika "peku".

Hatua ya pili, na hapa tukae: kila ulichoandika, kiulize kazi yake. Kwa nini wamepanda? Hine ameeleza mwenyewe chini ya picha: baadhi yao walikuwa wadogo mno, ikabidi wapande mashine ili waunge nyuzi zilizokatika na kurudisha bobini tupu. Sasa tazama tena ule mguu, vidole vitupu juu ya chuma kinachofanya kazi. Mashine iliundwa kwa kimo cha mtu mzima, na pengo lililobaki anaziba mtoto kwa mwili wake. Hapo ndipo ishara inapozaliwa. Imetoka ndani ya kazi yenyewe, hukuibandika wewe.

Hatua ya tatu: tenga ishara na ufundi wa kamera. Hine alitumia sahani za vioo badala ya filamu, na unga wa kuwasha mwanga, kwa hiyo aliyepigwa picha alipaswa kutulia. Mtoto akisimama wima bila kutabasamu, usikimbilie kusema amevunjika moyo. Huenda ameambiwa tu asitikisike. Kosa hili nimelifanya mara nyingi, na linamnyima mtoto haki yake ya kuonekana alivyo.

Hatua ya nne: soma maelezo na picha pamoja. Desemba 1908, kiwanda cha Whitnel, North Carolina, Hine alimpiga msichana wa kimo cha inchi 51, yaani kama sentimita 130. Alilipwa senti 48 kwa siku, na mara nyingine alifanya kazi usiku. Alipoulizwa umri alisita, akasema hakumbuki, kisha akaongeza kwa siri kwamba hajatimiza umri wa kufanya kazi, lakini anafanya vivyo hivyo. Kimo hicho si pambo. Hine alikuwa akipima watoto kwa vifungo vya koti lake, kisha anaandika kwa siri mkono ukiwa mfukoni. Namba ile ndiyo jibu kwa msimamizi atakayedai mtoto ni mkubwa.

Sasa zamu yako. Maktaba ya Bunge la Marekani inahifadhi zaidi ya picha 5,000 za kamati hiyo. Tafuta ya wavulana wanaochambua makaa ya mawe Pittston, Pennsylvania, Januari 1911. Simamisha video, itazame dakika tano, uandike. Ndipo usome maelezo: vumbi lilikuwa zito hata mara nyingine likaziba macho yasione mbele. Kama uliandika "picha ina ukungu", rudi hatua ya tatu uanze upya.