Köln: pagale lililosimama miaka 632

Haya, mnaniona? Ngoja nigeuze simu, jua linanipiga usoni. Hapo sawa. Nimetoka stesheni ya treni sasa hivi, sijapiga hata hatua mia, nainua kichwa, hili hapa! Kölner Dom, kanisa kuu la Köln, Ujerumani. Weusi huo si rangi jamani, ni masizi ya miaka na mikaka.

Sasa, juzi mjomba kanipigia. Hata salamu hajamaliza: "Wewe, nondo zako kule Kibaha zimeota kutu, utaezeka lini?" Mjomba, shikamoo. Video ya leo ni yako.

Jiwe la msingi la hapa liliwekwa tarehe 15 Agosti 1248. Chanzo ni mifupa. Mwaka 1164 Askofu Mkuu Rainald von Dassel aliichukua kule Milan, masalia yanayoaminika kuwa ya wale Mamajusi walioifuata nyota Yesu alipozaliwa. Mahujaji wakaanza kumiminika, na mahujaji hawaji mikono mitupu, mji ukanoga. Kanisa la zamani likaonekana dogo. Sanduku lao la dhahabu lipo mpaka leo, nyuma ya altare.

Wakaanzia chumba cha huko kwenye altare, kikawekwa wakfu mwaka 1322. Yaani miaka 74, chumba kimoja! Wakajenga ukuta wa kuziba upande uliobaki wazi, wakahamia, wakawa wanasali humohumo. Mnacheka nini? Nani hajahamia chumba kimoja huku sebule haina bati?

Karibu mwaka 1560 hela ikakata kabisa, mafundi wakashuka. Sasa sikilizeni hapa: winchi ya mbao waliyokuwa wanapandishia mawe waliiacha hukohuko, juu ya mnara wa kusini, huu ninaowaonyesha. Ikakaa. Mtu anazaliwa, anaoa, anazeeka, anazikwa, winchi ipo. Wachoraji walipouchora mji wa Köln waliichora na yenyewe. Imekuja kushushwa mwaka 1868!

Na ramani je? Mchoro wa mbele ya kanisa, kwenye ngozi, mrefu zaidi ya mita nne, ulipotea. Nusu ikaonekana Darmstadt mwaka 1814, nusu ya pili Paris mwaka 1816. Mwaka 1842 Mfalme Friedrich Wilhelm wa Nne wa Prussia akaweka jiwe la kuanza upya, wakajenga kwa kufuata mchoro uleule wa mababu. Wakamaliza mwaka 1880. Mita 157, hakuna jengo duniani lililolizidi kwa miaka minne. Halafu Wajerumani haohao wakaja kutujengea St. Joseph pale Dar, wameanza 1897, 1902 kwisha kazi. Mjomba usiitumie hiyo dhidi yangu.

Vita vya Pili lilipigwa mabomu 14, mji ukasagika, lenyewe likabaki wima.

Sogeeni. Mnaona jiwe hili jeupe katikati ya meusi? Kiraka. Karakana ya kanisa ina mafundi wake wa mawe, kila siku wanatoa lililooza wanatia jipya. Gusa jeusi, unga unakubakia kidoleni.

Haya, napanda mnarani. Ngazi 533, lifti hakuna, na njiani kuna kengele ya tani 24 ambayo naomba isilie nikiwa ubavuni kwake. Mjomba, zile nondo zipakwe oili chafu kwanza, hela ya mabati inakuja.