Jino Lilianza Kulegea Lini?

CHEBET: Karibuni tena. Barasa, kabla hujaanza, nikuulize. Mtu mgeni akiambiwa mtoto amelazwa Shoe4Africa, hospitali yetu ya watoto, si atadhani amelazwa kwenye duka la viatu?

BARASA: (anacheka) Mjomba wetu alidhani hivyo hivyo! Alitupigia simu kutoka Bungoma: "Mtoto ni mgonjwa, nyinyi mnampeleka kununuliwa viatu?"

CHEBET: Na jina lenyewe lilitokana na viatu kweli. Toby Tanser, mkimbiaji, alianza kwa kugawia wanariadha wetu viatu vya mbio. Baadaye shirika lake likaanza kuchangisha pesa za kujenga hospitali ya watoto. Anthony Edwards, yule aliyekuwa akiigiza daktari kwenye tamthilia ya runinga ya ER, aliwahi kuwa mwenyekiti wake. Daktari wa kwenye runinga, lakini hospitali ikasimama kweli. Ilifunguliwa Agosti 2015, ndani ya ua wa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, hapa Eldoret.

BARASA: Sasa hilo neno "mafunzo" ndilo nataka tulizungumzie leo, kwa sababu ndilo linalowachosha wazazi.

CHEBET: Tuambie ya mpwa wako.

BARASA: Ilikuwa 2019. Mtoto wa dada yangu, miaka sita, alivimba shavu la kushoto. Zahanati ya kwanza wakampa dawa ya kuua viini. Mahali pa pili wakasema ni jino, wakaling'oa. Shavu likazidi. Wiki mbili hivi, jicho likaanza kusukumwa juu. Ndipo wakaandika barua ya rufaa, tukapanda matatu, Webuye, Turbo, hadi Eldoret, mtoto amefunikwa leso uso mzima ili abiria wasimkodolee macho.

CHEBET: Pole, ndugu yangu.

BARASA: Tumefika. Akaja kijana wa koti jeupe fupi, akauliza habari yote tangu mwanzo. Akaja intani, daktari aliye kwenye mafunzo ya kazi, akauliza yale yale. Akaja daktari anayesomea ubingwa, yale yale. Asubuhi, mwanafunzi mwingine, msichana mdogo tu, ameshika daftari. Dada yangu akawaka: "Si mmeandika kwenye faili? Hamsomi?"

CHEBET: Nami ningewaka.

BARASA: Yule msichana hakujibu ukali. Akasema tu, "Mama, jino lilianza kulegea kabla ya uvimbe, au baada?" Dada akanyamaza. Hakuna aliyekuwa amemuuliza hivyo. Akakumbuka: meno mawili yalilegea kwanza, mazima, hayana tundu hata moja. Raundi ya madaktari wodini ilipofika, yule msichana ndiye aliyesimama kando ya kitanda akamweleza daktari bingwa, na hilo la meno akaliweka mbele. Bingwa akamwambia mtoto afungue mdomo, akashika fizi kwa kidole, kisha akawageukia wanafunzi wote: "Njooni mguse."

CHEBET: Kwa hiyo mtoto akawa somo.

BARASA: Akawa somo, ndiyo. Dada hakupenda. Lakini jioni ile ile wakakata kipande kidogo cha uvimbe kikaenda maabara. Kumbe ni limfoma ya Burkitt, aina ya saratani.

CHEBET: Ambayo ni ya huku kwetu kabisa. Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji Mulago, Kampala, hospitali ambayo wanafunzi wa Makerere hujifunzia. Aliandika kuhusu uvimbe huu wa taya mwaka 1958. Halafu 1961, na wenzake wawili, wakaingia ndani ya gari kuukuu wakateremka hadi kusini mwa Afrika, hospitali moja baada ya nyingine, swali ni moja: mnawaona watoto wa namna hii? Ikaonekana uvimbe huo unafuata sehemu za joto na mvua, kama malaria inavyofuata. Vipande vya uvimbe vikasafirishwa kwa ndege kutoka Uganda hadi London, na 1964 Anthony Epstein na wenzake wakaona kirusi ndani yake.

BARASA: Kuuliza swali lile lile kila hospitali. Unaona?

CHEBET: Naona unakoelekea!

BARASA: (anacheka) Haya. Sasa sehemu niliyotaka wazazi waisikie. Kemo, yaani dawa za saratani, kwa Burkitt inafanya kazi upesi mno. Dripu ya kwanza, siku chache, shavu linashuka. Jicho likarudi mahali pake. Wiki ya pili mtoto anaomba chapati. Na hapo ndipo shemeji akaanza: "Si amepona? Turudi nyumbani, mahindi yanangoja."

CHEBET: Eeh, na bili nayo inapanda.

BARASA: Inapanda. Wakati huo bima ya afya ya serikali ilikuwa NHIF. Tangu Oktoba 2024 ni SHA, kwa hiyo mzazi ajiandikishe mapema, na mtoto aandikwe humo, asingoje mpaka wakati wa rufaa. Basi tukakaribia kuondoka. Muuguzi mmoja akamketisha shemeji kwenye benchi, akamwambia kwa Kibukusu: uvimbe umenywea tu, mizizi bado. Ukitoka sasa utarudi, na ukirudi utakuwa mkali zaidi. Shemeji ni mkulima. Hilo la mizizi likamwingia.

CHEBET: Na sindano za mgongoni, za kutia dawa kwenye uti wa mgongo? Hizo watu huziogopa kuliko kemo yenyewe.

BARASA: Ya kwanza alishikwa na watu watatu. Lakini pale kuna Kituo cha Sally Test, cha watoto waliolazwa, wanacheza, wanasomeshwa kidogo. Wakampa mwanasesere na bomba la sindano lisilo na sindano, amtibu yeye kwanza. Akamdunga, akamfokea, "Usisogee!" Ya pili alishikwa na mama yake peke yake.

CHEBET: Yule mwanafunzi wa daftari mliwahi kumwona tena?

BARASA: Alishahamia wodi nyingine. Dada alikuwa amemwekea kikapu cha ndizi mbivu, akakiacha kwa wauguzi. Nadhani walizila wenyewe.

CHEBET: Bila shaka! Na mtoto?

BARASA: Alimaliza mizunguko yote ya kemo. Yuko shuleni.

CHEBET: Na lile jino walilong'oa bure?

BARASA: Liliota lingine. Limepinda kidogo.