Koleo la Kwanza: Miujiza na Desturi ya Ulimwengu katika Fikra za Kiyahudi

Waheshimiwa walimu wangu, wanafunzi, na ndugu zangu nyote mliofika jioni hii,

Nimeombwa nizungumzie miujiza na maumbile katika fikra za Kiyahudi, nami naomba nianze na maneno yenyewe, kwa kuwa mojawapo linatugusa sisi wasemaji wa Kiswahili moja kwa moja. Sisi husema muujiza, neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, na ndani yake mna maana ya jambo linalomshinda mtu na kumwacha hana uwezo. Kiebrania husema nes, na katika Biblia neno hilo humaanisha bendera au mlingoti unaosimamishwa mahali pa juu ili watu wauone kutoka mbali. Ndilo linalotumika katika kitabu cha Hesabu pale Musa anapoamriwa aiweke nyoka ya shaba juu ya mti. Muujiza, kwa neno hilo, ni alama iliyoinuliwa ili itazamwe. Neno halisemi kwamba kuna kanuni iliyovunjwa.

Wala Biblia ya Kiebrania haina neno linalolingana na maumbile kama tunavyoyaelewa leo. Neno teva, ambalo Wayahudi hulitumia sasa, lilipata maana hiyo katika Zama za Kati, wakati watafsiri na wanafalsafa wao walipohitaji neno la kulinganisha na tabia ya Kiarabu, yaani neno lile lile ambalo nasi tulilichukua, tukalielekeza zaidi kwenye mwenendo wa mtu. Mzizi wake unahusu kupiga chapa, na kwa Kiebrania sarafu huitwa matbea kutokana na mzizi huo huo. Kabla ya hapo, marabi, yaani walimu wa dini, wa Mishna na wa Talmudi, kitabu kikubwa cha mijadala juu ya Mishna, walikuwa na usemi mwingine, ambao mimi naupenda kuliko teva: walisema ulimwengu unakwenda kwa desturi yake. Desturi ni kitu cha mwenye nyumba. Aliyeiweka anaweza kuiacha siku moja, lakini akiiacha bila sababu, wakazi wote wa nyumba hiyo hutaabika.

Nasisitiza jambo hilo kwa sababu tumezoea kuuliza kama Mungu anaweza kuyapita maumbile, na marabi hawakuwa na shida na swali hilo. Aliyeumba bahari anaweza kuipasua, basi. Kilichowashughulisha, na ambacho nitajaribu kukionyesha, ni kama kuivunja desturi ni sifa kwa yeyote: kwa Muumba aliyeivunja, au kwa mtu aliyevunjiwa.

Twende kwanza kwenye Mishna, mkusanyiko wa sheria na mafundisho ya mdomo uliokamilishwa katika nchi ya Israeli mwanzoni mwa karne ya 3. Katika sehemu iitwayo Avot, sura ya 5, imeandikwa kwamba vitu kumi viliumbwa mkesha wa Sabato ya kwanza, baina ya majua, yaani katika ule utusitusi ambao si mchana tena na bado haujawa usiku. Vinatajwa kimoja kimoja: kinywa cha ardhi kilichommeza Kora, kinywa cha kisima kilichowafuata Waisraeli jangwani, kinywa cha punda wa Balaamu, upinde wa mvua, mana, fimbo ya Musa, shamiri, mdudu anayesimuliwa kuwa alipasua mawe ya Hekalu bila chuma, herufi, maandishi, na mbao za mawe za Amri Kumi. Tazameni jinsi saa hiyo ilivyochaguliwa. Siku sita zimekwisha, Sabato haijaingia, na katika mpenyo huo mwembamba ndimo kunatiwa kila kitu ambacho baadaye kitaonekana kama kimeingia ulimwenguni kwa mlango wa nyuma. Marabi hawakutaka Muumba aonekane kama fundi anayerudi kila mara kurekebisha kazi aliyokwisha kuikabidhi. Punda wa Balaamu alipofumbua kinywa chake, kinywa hicho kilikuwa kimekwisha kungoja tangu Ijumaa ile ya kwanza.

Mwishoni mwa orodha hiyo huongezwa kitu kimoja ambacho wasomaji wengi hukipita haraka, nami naomba tusikipite: koleo. Waliokitaja walisema kwamba koleo hufuliwa kwa koleo. Mhunzi anayetaka kutengeneza koleo hana budi kushika chuma kilichoiva moto, na cha kukishikia ni koleo. Basi koleo la kwanza kabisa lilifuliwa na nani? Haikosi, walisema, liliumbwa na Mungu mwenyewe. Hoja hiyo inasikika kuwa nzito, na watu wa zama nyingi wamejenga imani zao juu ya hoja za namna hiyo, kwamba palipo na pengo katika maelezo yetu, hapo ndipo Mungu alipoingiza mkono. Lakini Talmudi, katika sehemu iitwayo Pesahimu, inaleta jibu la wenzao kwa utulivu mkubwa: inawezekana kuyeyusha chuma, kukimimina katika kalibu, na kukinyoosha. Koleo la kwanza, basi, ni kazi ya binadamu. Jambo linalonivutia ni kwamba waliojibu hivyo hawakuambiwa kuwa wamepunguza imani. Jibu lao limehifadhiwa ndani ya kitabu kitakatifu bila lawama yoyote, na mtoto anayejifunza Talmudi leo hulisoma pamoja na hoja yenyewe.

Wazo hilo la mpango wa awali linaendelezwa katika midrashi, yaani ufafanuzi wa marabi, ya kitabu cha Mwanzo. Rabi Yohanan anasema kwamba Mungu aliwekeana sharti na bahari tangu uumbaji, kwamba itagawanyika mbele ya Waisraeli. Naye anaitoa hoja yake katika Kutoka 14:27, panaposemwa kwamba bahari ilirudi kwa nguvu zake, kwa kuwa herufi za neno hilo la Kiebrania ukizipanga upya zinasomeka kama sharti lake. Bahari ilipopasuka ilikuwa inatimiza ahadi, na iliporudi ilikuwa imeitimiza. Mwenzake, Rabi Yirmiya mwana wa Elazari, anaongeza kwamba sharti kama hilo liliwekwa kwa kila kilichoumbwa katika siku sita. Na ukirudi nyuma kidogo katika sura hiyo hiyo ya Kutoka, utaona kwamba hata maandiko yenyewe hayakuuacha upepo nje, kwani yanasema bahari ilirudishwa nyuma kwa upepo wa nguvu kutoka mashariki uliovuma usiku kucha.

Sasa naomba niwapeleke kwenye kisa kimoja kidogo, kilichomo katika Talmudi ya Babeli, katika sehemu iitwayo Shabati, ukurasa wa 53. Mtu mmoja alifiwa na mkewe aliyemwachia mtoto mchanga anayenyonya, naye hakuwa na fedha za kumlipa mwanamke wa kumnyonyesha. Akatendewa muujiza: matiti yake yakafunguka kama ya mwanamke, akamnyonyesha mwanawe. Rav Yosef akasema, mtu huyu alikuwa mkuu ulioje, hata akatendewa muujiza kama huo! Mwanafunzi wake Abaye akamjibu: kinyume chake, mtu huyu alikuwa duni ulioje, hata taratibu za uumbaji zikabadilishwa kwa ajili yake.

Nilipokisoma kisa hiki kwa mara ya kwanza nilikuwa upande wa Rav Yosef bila kusita, na maneno ya Abaye yaliniumiza, kwa maana mtu aliyefiwa hivyo anastahili kuhurumiwa. Baadaye nilitambua kwamba Abaye anatazama upande mwingine. Kwa nini mtu huyu hakupata riziki kwa njia ambayo watu wote huipata? Kwa nini mlango wa kawaida, wa kazi na ujira na jirani mwema, ulifungwa kwake hata ikabidi mwili wake mwenyewe ugeuzwe? Na Talmudi haiishii hapo, kwa kuwa Rav Yehuda anaingia na kusema: tazameni jinsi riziki za mwanadamu zilivyo ngumu, hata ikalazimu taratibu za uumbaji zibadilishwe. Rav Nahman anamuunga mkono kwa kusema kwamba miujiza hutokea, bali chakula hakiumbwi kikakutwa nyumbani. Mahali pengine marabi walisema waziwazi kwamba kumpatia mtu riziki ni kugumu kama kuipasua Bahari ya Shamu. Sioni haja ya kuyalainisha maneno hayo. Mtu aliyewahi kuamka hana unga nyumbani anayaelewa.

Desturi ya ulimwengu, hata hivyo, haina upendeleo, na marabi waliliona hilo pia. Katika Avoda Zara imeandikwa: mtu akiiba kipimo cha ngano, akaipanda shambani, haki ingetaka ngano hiyo isiote, lakini ulimwengu unakwenda kwa desturi yake, na wenye kutenda mabaya watatoa hesabu baadaye. Mvua inayonyesha juu ya shamba la mwizi si ushahidi kwamba ameruhusiwa kuiba, na ukame juu ya shamba la mwema hauwi hukumu yake. Kwa sababu hiyo hiyo Mishna ya Berakhoti inaita sala ya bure ile ya mtu anayeingia mjini, akasikia kilio, akasema, naomba kisiwe cha nyumbani kwangu. Kilichotokea kimekwisha kutokea, na hata sala ina heshima yake mbele ya yaliyopita.

Nyuma ya mafundisho hayo wamo wachamungu ambao miujiza iliwafuata. Rabi Hanina ben Dosa, aliyekuwa maskini sana, alimkuta binti yake amehuzunika jioni ya Sabato kwa kuwa alitia siki katika taa badala ya mafuta. Akamwambia kwamba aliyeyaamuru mafuta yawake ataiamuru siki iwake, na taa ikawaka siku nzima. Wengi hukisimulia kisa hicho kwa ajili ya siki. Mimi nasikia zaidi nusu ya kwanza ya maneno yake: kwa Hanina, mafuta nayo yanawaka kwa kuamriwa.

Nusu hiyo ya kwanza ndiyo iliyokuja kuwagawa wanafikra wakuu wawili wa Zama za Kati. Moshe ben Maimon, anayejulikana pia kama Maimonides, alizaliwa Cordoba mwaka 1138 na kufariki Misri mwaka 1204. Katika ufafanuzi wake wa Mishna aliandika kwamba miujiza ilitiwa katika maumbile ya vitu tangu viumbwe: maji yalipotengwa siku ya pili, ndipo ilipopangwa kwamba bahari itapasuka kwa Musa. Katika kitabu chake cha sheria alikwenda mbali zaidi, akasema kwamba Waisraeli hawakumwamini Musa kwa sababu ya ishara alizozifanya, kwa maana anayeamini kwa sababu ya ishara hubaki na shaka moyoni, akidhani huenda zimefanywa kwa uchawi. Walimwamini kwa sababu ya Sinai, ambako masikio yao wenyewe yalisikia. Alishikilia, hata hivyo, kwamba ulimwengu uliumbwa, akipinga fundisho la Aristotle kuwa ni wa milele, kwa kuwa aliona kwamba fundisho hilo lingefunga njia ya muujiza wowote na kuibomoa Torati kutoka kwenye msingi.

Moshe ben Nahman, wa Girona, aliyezaliwa mwaka 1194, aliligeuza jambo lote. Katika ufafanuzi wake wa Kutoka 13:16 anasema kwamba kwa miujiza mikubwa ya hadharani mtu hujifunza kuikiri miujiza iliyofichika, na kwamba mtu hana sehemu katika Torati ya Musa mpaka aamini kwamba mambo yetu yote ni miujiza, hakuna ndani yake maumbile wala desturi ya ulimwengu. Ni maneno makali. Yakichukuliwa kama yalivyo, mvua, mavuno na afya ya mwili si desturi hata kidogo, bali ni malipo yanayotolewa bila kelele.

Tofauti yao inaonekana wazi kabisa katika habari ya tiba, nao wote wawili walikuwa matabibu. Ben Nahman, katika ufafanuzi wa Mambo ya Walawi sura ya 26, anauliza: matabibu wana sehemu gani katika nyumba ya watendao mapenzi ya Mungu? Kwake, watu wakiwa wakamilifu, hawatakuwa na haja ya dawa. Ben Maimon aliikataa fikra ya namna hiyo karibu miaka 100 kabla, alipojibu waliodai kwamba dawa inapunguza tumaini kwa Mungu. Mtu mwenye njaa, alisema, akila mkate akapona maumivu ya njaa, je, tuseme ameacha kumtegemea Mungu? Kama ninavyomshukuru Mungu ninapokula kwa kuniumbia kinachoondoa njaa yangu, ndivyo nitakavyomshukuru kwa kuniumbia kinachoniponya maradhi.

Mimi nasimama na Ben Maimon katika hili, ingawa nakiri kwamba Ben Nahman anailinda ile shukrani ambayo mtu akizoea mkate huisahau. Wote wawili walisoma baraka moja inayopatikana katika Talmudi, katika Berakhoti, ambayo Myahudi mwenye kushika dini huisoma kila siku, kila atokapo msalani na kunawa mikono. Humsifu aliyemuumba mwanadamu kwa hekima, akatia ndani yake matundu na mirija, ambayo mmoja wake ukifunguka au ukiziba isivyo, haiwezekani kusimama mbele zake. Hakuna kilichobadilika mwilini mwa anayeisoma. Figo zimefanya kazi yake ya jana. Na baraka hiyo huishia kwa kumtaja Mungu kuwa ndiye aponyaye kila chenye mwili, naye hutenda maajabu.

Asanteni kwa kunisikiliza.