Babu Aliyesikiliza Mabomba

Assalamu alaykum wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliokaa karibu na mlango mkidhani sikuwaona.

Nimeombwa nizungumze juu ya Babu, na walionialika wanajua nitawachosha kwa jambo lile lile. Tukikaa hitma, mtu husimama akasema marehemu alikuwa mpole, mkarimu, mtu wa watu, haimpiti sala ya alfajiri. Amin. Lakini hayo yangesemwa juu ya muuza mkaa na juu ya kadhi vile vile. Injinia aliyetumikia maji ya mji huu wa Mombasa mpaka nywele zikawa nyeupe, alifanya nini? Kwa chombo gani? Nani alimfunza? Hapo kimya, mikono yote inaelekea kwenye halua.

Mambo ya MIOME, ile taasisi ya elimu ya Waislamu iliyofunza ufundi hapa mjini, na jinsi ilivyogeuka Politekniki hadi chuo kikuu cha leo, mnayajua; siyarudii. Babu alipita hapo miaka ya 1950, akashika spana kabla hajashika kalamu ya kuchorea, kisha akaenda kusoma Uingereza akarudi injinia kamili. Na nitangulie kusema: hakujenga bomba la maji ya chemchemi ya Mzima. Kila familia hapa inataka babu yake awe ndiye aliyelijenga. Lile la 1957, kama kilomita 220, maji yakiteremka yenyewe toka Tsavo hadi pwani, lina wenyewe na lina picha zake. Kazi ya Babu ilikuwa huku mwisho, mahali ambapo hakuna mkubwa anayekuja kukata utepe: mabomba ya chuma chini ya vichochoro vya Mji wa Kale na Majengo.

Hili nataka mnivumilie nikae nalo. Kisiwa chetu kimekaa juu ya jiwe la matumbawe, na jiwe hilo lina matundu. Kwengineko bomba likipasuka maji hupanda juu, njia ikaroa, mtu akapiga kelele. Hapa maji hunywewa na jiwe. Bomba linaweza kuvuja miezi na miezi, na vumbi la juu yake likavu. Utalijuaje? Babu alitoka usiku wa manane, watu wamefunga mifereji, magari yamepungua. Alikuwa na fimbo ya chuma. Ncha moja juu ya vali, ncha ya pili sikioni. Mimi kazi yangu tochi, na nilitakiwa hata pumzi nizipunguze.

"Nyamaa. Wasikia?"

"Sisikii kitu, Babu."

"Hujasikiza. Mtu akifungua mfereji, sauti huja ikakatika. Hii yakatika?"

Haikukatika. Tundu dogo, alinifunza, hupiga mluzi mwembamba. Ufa mkubwa huvuma kwa chini. Akaenda vali hadi vali, penye kelele zaidi akachora chokaa, akavuka upande wa pili akachora tena. Asubuhi vijana walichimba baina ya alama mbili.

Sasa kule Kibokoni bibi mmoja akafungua dirisha akamwona mzee wa kanzu amepiga magoti njiani, sikio kwenye chuma, midomo inacheza. Kesho yake mtaa mzima ukajua kwamba injinia wa maji anazindika nyumba za watu. Bwana mmoja akaja kwa siri kuuliza bei. Babu akamwambia, "Bei yangu ni unionyeshe bomba la nyumbani kwako lapita wapi." Bwana yule, aliyezaliwa katika nyumba ile, hakujua.

Ninamwona mmoja pale anatikisa kichwa. Utaniambia siku hizi kuna mitambo ya kusikilizia. Ipo, mizuri, na kanuni yake ni ile ile ya fimbo. Lakini bomba la plastiki halisafirishi sauti kama la chuma, na hakuna mtambo utakaokwambia kwamba kwenye kona fulani bomba lilipindishwa kukwepa kisima cha zamani. Hilo liko kichwani mwa mzee, au liko daftarini, au halipo.

Mwengine atasema, bomba lenyewe halina maji, utasikiliza nini? Chekeni, ni haki yenu. Ila maji ya mgao ndiyo ya kuogopwa zaidi. Presha ikishuka, tundu lile lile lililokuwa likitoa maji huanza kuvuta, na kilichoko pembeni yake mjini kwetu ni mashimo ya vyoo. Maji yakirudi, yanakuja na uchafu huo jikoni. Nusu ya habari za kipindupindu mnazozisikia zingepunguzwa na watu wa fimbo... basi, nusu nimeipamba, lakini njia ya ugonjwa ndiyo hiyo. Na huku tunanunua maji ya mkokoteni, mtungi kwa mtungi, tumesimama juu ya bomba linalomwaga.

Babu aliandika. Kila vali, kila kona, kina chake kwa futi. Nakala alizoacha kazini, ofisi moja nisiyoitaja iliziuza kwa kilo pamoja na karatasi kuukuu. Mimi mwenyewe nilinunua njugu zilizofungwa kwa mwandiko wake! Nikamwomba muuzaji furushi lote, akadhani nina njaa.

Nilitaka kuwaeleza na mafundi wa bandari ya Kilindini, na wale walioshughulika na daraja la Nyali, lile la kuelea la 1931 kabla ya hili la 1980. Mwenyekiti ameanza kukohoa, na kikohozi chake nakijua. Hayo basi. Habari ya akina mama waliojua visima vya maji baridi na vya chumvi mtaa kwa mtaa, nayo nimeiruka, na hiyo kwa kweli inaniuma.

Madaftari mawili yaliyobaki nyumbani yako meza ya nyuma. Yafungueni polepole, karatasi zinakatika. Na mzee yeyote humu aliyewahi kuchimba baina ya alama za chokaa, asiende zake kabla hatujaonana. Kuna kurasa zina vifupisho ambavyo nyumbani kwetu hakuna tena anayevisoma.